Mwalimu alisema robo, dada amepata wawili kati ya watatu: hesabu inatafuta nini kwenye biolojia?

«Salamu, mwalimu. Niko mwaka wa kwanza wa biolojia hapa Bukavu. Nilichagua biolojia kwa kukimbia hesabu, maana zilinishinda tangu sekondari. Kwenye Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, biokimia ndiyo iliyoniokoa. Nimefika chuo kikuu, nakuta logaritimu, probabilite na takwimu zinanisubiri mlangoni. Dada yangu na mume wake wamepimwa selimundu (siko seli), wote ni AS, yaani wanaubeba ugonjwa huo bila kuugua. Mwalimu wetu wa jenetiki anasema wazazi wa namna hiyo hupata mtoto mmoja wa SS, yaani mgonjwa, kati ya wanne. Dada ana watoto watatu, na wawili ni SS: mkubwa alipimwa hospitalini, wa pili alipimwa kwa tone la damu kwenye kituo cha afya cha mtaa. Upande wa shemeji, wengine wanasema sehemu yake ya SS imekwisha, watatu watakaofuata watakuwa wazima. Wengine wanasema ubaya uko kwenye damu ya dada. Mimi naona hesabu imetudanganya. Mtu si mashine. Kwa nini tunalazimishwa kuisoma? Na je, nihame idara kabla mwaka haujaisha?»

Mwanangu, kwanza mpe dada yako pole. Kulea mtoto mmoja mwenye SS kunachosha nyumba nzima, sembuse wawili. Mimi ni mwalimu wa biolojia, si daktari. Mambo ya matibabu nitayagusa pale yanapokutana na swali lako, mengine mtayapata kwa wenye kazi yao.

Nilivyokuelewa, kinachokuuma si ugumu wa hesabu peke yake. Unaona hesabu ilitoa ahadi ya robo, halafu maisha yakaleta theluthi mbili, na mtu aliyeahidi hayupo wa kumdai. Ungekuwa na haki ya kudai kama robo ingekuwa ahadi. Haikuwa ahadi. Tuangalie inatoka wapi, kwa sababu mwalimu akiitaja kwa haraka darasani wanafunzi wengi wanaondoka na picha ya foleni: wazima watatu, mgonjwa mmoja, kisha mzunguko unaanza upya.

Mzazi wa AS ana nakala mbili za kijeni cha hemoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni: moja A, ya kawaida, na moja S, ya selimundu. Anapotengeneza yai au mbegu, nakala moja tu ndiyo inayoingia humo, na kila moja ina nafasi sawa na mwenzake. Kwa hiyo nusu ya mbegu za shemeji zina S, na nusu ya mayai ya dada yana S. Ili mtoto awe SS, lazima S ya baba ikutane na S ya mama: nusu ya nusu, yaani robo. Basi. Hakuna daftari popote mwilini linaloandika nani alizaliwa kabla. Yai la mimba ya nne halina habari ya mtoto wa tatu. Robo ni ya kila mimba, mpya kila mara.

Sasa chukua kalamu, maana hapa ndipo utaona kama hesabu ilidanganya. Kila mimba ina njia nne zenye nafasi sawa, na moja tu kati ya hizo ni SS. Mimba tatu zinatoa njia 4 × 4 × 4, yaani 64. Nyumba isiyo na mtoto wa SS hata mmoja: 3 × 3 × 3, njia 27. Nyumba yenye mmoja: huyo anaweza kuwa wa kwanza, wa pili au wa tatu, na wale wengine wawili kila mmoja ana njia tatu, 3 × 9, njia 27 tena. Yenye wawili: mzima anaweza kukaa nafasi yoyote kati ya tatu na ana njia tatu, njia 9. Yenye watatu wote: njia 1. Jumlisha: 27, 27, 9 na 1 ni 64.

Nyumba ya dada yako iko ndani ya zile 9. Tisa kati ya 64 ni karibu asilimia 14. Ukikusanya nyumba 100 za wazazi wa AS wenye watoto watatu, tegemea kukuta kama 14 zenye wawili wa SS, na moja au mbili zenye watatu wote. Kwa hiyo robo ile ile unayoishtaki ndiyo inayosema kwamba nyumba kama ya dada lazima ziwepo. Tungezunguka Kadutu, Ibanda na Bagira, yaani Bukavu yote, tusizipate kabisa, hapo ningeanza kuwa na wasiwasi na nadharia yenyewe.

Na kwa walio kwa shemeji, hesabu ina maneno makali kidogo. Wanaosema watatu wanaofuata watakuwa wazima wanacheza na kitu cha hatari. Nafasi ya watatu wanaofuata wote kukosa SS ni zile 27 kati ya 64, asilimia 42. Nafasi ya kupata angalau mmoja mwingine wa SS ni 37 kati ya 64, asilimia 58, yaani zaidi ya nusu. Wenye kumlaumu dada nao waelezwe kwa upole lakini bila kuzunguka: hakuna mtoto wa SS aliyepewa S zote mbili na mama yake. Moja ilitoka upande wao.

Kuna jambo jingine kwenye barua yako, na kwangu ndilo kubwa zaidi. Mtoto wa pili alipimwa kwa tone la damu kwenye kituo cha afya. Nahisi ni kile kipimo cha Emmel: damu inanyimwa oksijeni kati ya vioo viwili, kisha inatazamwa kwa hadubini kuona kama chembe nyekundu zinajikunja kama mundu. Ni kipimo cha bei ndogo na kina kazi yake. Lakini chembe za mtu wa AS nazo zinajikunja! Emmel inakuambia S ipo, haikuambii kama ni moja au ni mbili. Kwa wazazi wa AS, katika kila njia nne za mimba, tatu zitaonyesha S kwenye kipimo hicho, na kati ya hizo tatu, mbili ni AS, watu wazima kabisa. Kama yule mtoto hajawahi kuvimba vidole, hana maumivu ya mifupa yanayokuja na kuondoka, wala hapungukiwi damu, inawezekana mnamlea kama mgonjwa ilhali si mgonjwa. Na kama dalili hizo anazo, bado anastahili jibu kamili. Mpelekeni kwenye hospitali kubwa inayopima elektroforezi ya hemoglobini. Hicho ndicho kipimo kinachotenganisha AS na SS. Na yule wa tatu apimwe pia, maana mtoto wa wazazi hao asiye SS ana nafasi mbili kati ya tatu za kuwa AS, na siku moja ataoa au ataolewa.

Kwa mwenye SS wa kweli, homa haisubiri kesho: siku hiyo hiyo hospitali. Dada amuulize daktari kuhusu penisilini ya kinga, chanjo za nimonia, kinga ya malaria na haidroksiyurea. Dawa hiyo ya mwisho inasaidia wengi lakini inatolewa chini ya macho ya daktari na vipimo vya damu vya mara kwa mara, haichukuliwi sokoni. Na kabla ya mimba nyingine, waende wote wawili, mke na mume, wakaongee na daktari. Mke peke yake haitoshi.

Umesema mtu si mashine. Nakubali, na ndiyo sababu ya kuhitaji hesabu. Mashine nzima inarudia jambo lile lile kila ukiiwasha. Ukiijua mara moja umeijua. Kiumbe hai anabadilikabadilika. Anayetaka kujua kama mabadiliko anayoyaona yana sababu au ni bahati tu, hana chombo kingine zaidi ya hicho. Hesabu kwenye biolojia haitabiri mtoto wa fulani atakuwa nani. Inachukua kitu unachokiamini, inakulazimisha kukisema chote mpaka mwisho, ili uone kama dunia inakubaliana nacho.

Endelea na S yenyewe. Zamani, bila matibabu, watoto wengi wa SS walikufa kabla ya kukua. Kila kifo kiliondoa S mbili duniani. Kwa nini basi S haijaisha, na Kongo ni kati ya nchi zenye wagonjwa wengi zaidi? Mwaka 1908 Mwingereza G. H. Hardy, mtu wa hesabu tupu aliyejisifu kwamba kazi yake haina faida kwa yeyote, alionyesha kwa mistari michache tu kwamba kurithi peke yake hakuongezi wala hakupunguzi wingi wa kijeni katika jamii. Mwaka huo huo daktari Mjerumani Wilhelm Weinberg alifika hapo hapo kwa njia yake. Kwa hiyo, kama S inapunguzwa na vifo na bado ipo, lazima kuna kitu kinachoirudisha. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alitoa ushahidi kuhusu kitu hicho: mtoto wa AS anaistahimili malaria kali kuliko mtoto wa AA, yule asiye na S.

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba malaria inawapunguza AA kwa asilimia 10 wakilinganishwa na AS, na SS wote wanakufa kabla ya kuzaa. Hesabu inasema S itatulia kwenye 0.1 gawanya kwa 1.1, yaani nakala moja kati ya 11, na watoto wanaozaliwa na AS watakuwa kama 16 au 17 kwa kila 100. Angalia jinsi ilivyo: faida ndogo ya AS inatosha kulipia vifo vyote vya SS, kizazi baada ya kizazi. Hakuna aliyelaaniwa. Kwa maneno matupu ungebishana na mtu mwaka mzima kama faida hiyo «inatosha»; kwa kanuni unaona inatosha hadi wapi, na kwamba malaria ikiondoka, S itaanza kushuka polepole.

Malaria yenyewe ndiyo mfano ninaoupenda kuliko yote, labda kwa sababu tunaushuhudia kila tunaposhuka Uvira, mji wa tambarare kando ya Ziwa Tanganyika. Kila mtu hapa anajua kwamba Uvira kuna malaria nyingi kuliko Bukavu. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa huku juu kuna baridi, mbu ni wachache. Ni kweli, lakini si yote. Mbu anapomuuma mgonjwa, kimelea hakiko tayari siku hiyo. Lazima kikue ndani ya mbu, na kasi yake inategemea joto. Kwa malaria ile kali, kuna kanuni inayotumika tangu zamani: gawanya 111 kwa joto ulilolitolea 16. Kwenye joto la 25, kama kule tambarare, ni siku 12. Kwenye joto la 20, kama huku kwetu, ni siku 28 hivi.

Sasa, mbu haishi sana. Tuseme kila siku mbu 90 kati ya 100 wanaona kesho yake. Baada ya siku 12 wamebaki 28. Baada ya siku 28 wamebaki 5. Mbu ni wale wale, wingi ni ule ule wa kuanzia, ila huku juu mbu wanaofikia umri wa kuambukiza ni karibu mara tano pungufu kuliko kule chini. Tofauti ya nyuzi 5 za joto imefanya kazi hiyo yote, kwa sababu uhai wa kila siku unazidishwa kwa wenyewe, siku juu ya siku. Hicho ndicho kipeo kilichokuchosha sekondari.

Ronald Ross, aliyeonyesha mwaka 1897 kwamba mbu ndiye anayebeba kimelea, alijenga hesabu ya malaria akionyesha kwamba si lazima kumaliza mbu wote ili ugonjwa uzimike. Inatosha kuwashusha chini ya kiwango fulani. Watu hawakumsikiliza sana. Baadaye George Macdonald akaona kwamba kufupisha maisha ya mbu kunalipa kuliko kupunguza idadi yao. Jaribu mwenyewe: punguza mbu kwa moja ya tisa, umepunguza hatari kwa moja ya tisa tu. Lakini shusha uhai wa kila siku kutoka 90 hadi 80 kwa 100, nao ni upungufu wa moja ya tisa, na baada ya siku 10 wanabaki 11 badala ya 35. Ndiyo maana chandarua chenye dawa kinamkinga hata jirani asiyekuwa nacho: mbu anayekigusa hafiki uzee. (Wale wanaovulia vyandarua ziwani nitawaacha kwanza, wanaharibu hesabu mbili kwa pamoja.)

Nao sambaza, wale samaki wadogo tunaowanunua kila siku? Waliletwa Ziwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa hiyo ni wageni waliozaana. Mbelgiji Pierre-François Verhulst aliandika mwaka 1838 kanuni ya jamii inayokua mpaka mahali pake pajae. Kwa maneno mafupi: ziwa lenye nafasi ya tani 100, na samaki wenye uwezo wa kujiongeza mara mbili kwa mwaka wakiwa wachache, linatoa tani 9 mpya kwa mwaka likiwa na tani 10, tani 25 likiwa na 50, na tani 9 tena likiwa na 90. Ona hatari iliyojificha hapo. Tani 9 za mavuno zinaweza kutoka kwenye ziwa lililojaa au kwenye ziwa lililokaribia kuisha, na mvuvi anayeangalia ndoo yake peke yake hawezi kujua ni lipi.

Nisikuuzie hesabu kama dawa ya kila ugonjwa. Zile tani ni za kufundishia. Hakuna aliyelipima ziwa likatoa namba za duara namna hiyo. Kanuni ya joto inachukulia mbu anakaa nje kwenye hewa ya wastani, wakati nyumba zetu zina moto wa makala na kuta zinazohifadhi joto, kwa hiyo mtu wa Bukavu mwenye homa asijidanganye kwa kanuni yangu, akapimwe. Na wakati wa Ebola ya mashariki mwa Kongo, ya 2018 hadi 2020, iliyogusa watu 3,470 na kuua 2,287, hesabu za maambukizi zilisaidia kupanga nani achanjwe na nani afuatiliwe kwa siku 21. Lakini hakuna kanuni iliyojua familia gani ingemficha mgonjwa, au barabara gani ingefungwa na risasi asubuhi. Mtu akikuletea mchoro mzuri bila kukuambia namba zake zilipatikanaje, mwulize kwanza kipimo, kama tulivyofanya kwa Emmel.

Kuhusu kuhama: kwa hofu ya miezi ya mwanzo, nakuambia usihame. Hakuna kona ya biolojia isiyo na hesabu kabisa. Hata anayepanga mimea ya mbuga ya Kahuzi kwenye makabati ya kituo cha utafiti cha Lwiro, siku akitaka kusema mti huu ni mwingi kuliko ule, atahesabu kwenye viwanja na atatafuta wastani. Ukihamia uuguzi utakutana na kugawanya dozi kwa kilo za mtoto, na huko kukosea ni kubaya kuliko kukosea mtihani. Ila ukimaliza mwaka, umefanya juhudi ya kweli na bado moyo umekataa, kubadilisha si aibu. Nimeona wanafunzi wakienda sheria na lugha wakastawi.

Hesabu unayohitaji si ile ya wenzako waliosoma hesabu na fizikia. Anza na sehemu na probabilite, kwa sababu umeshaona zinavyofanya kazi nyumbani kwenu. Kisha vipeo na logaritimu, maana pH ni logaritimu na bakteria wanaojigawa kila dakika 20 wanakuwa mara 8 kwa saa moja. Takwimu zifuate. Derivati zitakuja kwa wakati wake, na utashangaa zikikujia kama jibu la swali la «kwa kasi gani?». Kuna programu ya bure inayoitwa R, nzuri sana kwa kazi hii, umeme ukiwepo na mashine ikipatikana. Kwa leo tumia vikombe viwili, kila kimoja na haragwe moja jekundu na moja jeupe. Chota moja kutoka kila kikombe bila kuangalia, andika, rudisha. Mekundu mawili ni SS. Machoto matatu ni nyumba moja. Fanya nyumba 64, mkigawana na mwenzako, halafu linganisha na 27, 27, 9 na 1. Hamtapata namba hizo hasa, na umbali kati ya mlichokipata na hizo ndiyo somo lote la takwimu la muhula wa kwanza.

Ukikwama, usisubiri mtihani. Mfuate asistanti wa kozi yako ofisini, asubuhi, kabla hajachoka. Usimwambie «sielewi hesabu», kwa sababu hilo hana dawa yake. Mpelekee zoezi moja, na mstari uliokwamia umewekewa alama.